Saa Iliyofundishwa Njia

Kila aliyekuwa akikimbia asubuhi kwenye njia ya machimbo alimfahamu Usukani, ingawa ni wachache waliojua jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kukata karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Kazi yake nyingine, isiyo na mshahara wala likizo, ilikuwa kukimbia kando ya mumewe, wamefungana mkono kwa mkono kwa kamba fupi ya kiatu, yeye akiona kwa niaba ya wote wawili.

Mumewe aliitwa Rada. Macho yake yalizimika ujanani kwa presha ya macho, polepole, kama taa inayopunguzwa utambi. Sasa alikuwa mchua misuli, na chumba chake cha kazi kilinukia mafuta ya karafuu na taulo zilizoanikwa kivulini. Mtu angeingia kwa kunyata, akidhani atamshtua, na kabla hajavua viatu angeambiwa, "Karibu. Hilo goti la kushoto bado unalibembeleza tu, eh?" Ndiyo maana wakamwita Rada. Na mkewe, kwa kuwa ndiye aliyempeleka Rada huku na huku, akawa Usukani.

Lugha yao ya kukimbia ilikuwa kwenye kamba. Ikivutwa, sogea. Ikitulia, nyooka. Ikitikiswa, inua miguu, kuna mzizi. Kwa mdomo walikuwa na neno moja tu, "ndani", maana yake sogea upande wa uzio. Neno la upande wa pili hawakuwahi kulitafuta. Halikuwa na kazi.

Kwa sababu upande wa pili ulikuwa shimo. Zamani walichimba kokoto pale. Kokoto zilipokwisha, malori yakaondoka, mvua ikaingia, na chini kukabaki maji ya kijani yasiyotikisika hata upepo ukivuma. Njia ililizunguka shimo, kutoka geti la upande wa nyumbani kwao hadi geti la upande wa kiwandani. Kulia kwako ulikuwa na uzio wa waya wa ghala la mablanketi, kushoto kwako hewa. Vyuma vilivyokuwa vimewekwa kuzuia watu wasitumbukie viling'olewa siku nyingi vikauzwa chuma chakavu. Wakimbiaji waliipenda njia hiyo kwa sababu haikuwa na magari, na mtu akipenda kitu hujifunza kutokitazama sana.

Usukani alikimbia kushoto siku zote. Hakuna aliyemwagiza. Siku ya kwanza tu alijiweka pale, kati ya mumewe na shimo, kama mama anavyosogeza sufuria ya moto mbali na mtoto. Mara nyingine kisigino chake kiligusa jiwe dogo, likabingirika, likanyamaza, halafu kule chini likasikika likiingia majini.

"Umeangusha," Rada angesema.

"Nimeona."

"Mimi nimesikia kabla hujaona."

Wangecheka, na kuendelea.

*

Homa ya saa iliingia nyumbani kwao kupitia kwa shemeji, mdogo wake Rada, aliyekuwa na duka la kuuza na kutengeneza simu. Wengine hufuatilia mpira. Yeye alifuatilia saa za michezo. Alijua ipi itatoka lini, imevuja picha gani, imeongezewa nini, kama kwamba yeye ndiye aliyekaa na mafundi wake mezani. Tayari alikuwa amempa kaka yake saa moja iliyokuwa ikitaja umbali kwa sauti, lakini GPS yake ilikuwa kichekesho. Siku moja, katika chumba cha kazi cha Rada, alimwonyesha Usukani ramani kwenye simu.

"Tazama, shemeji. Jana mmekimbia juu ya shimo, katikati kabisa. Malaika wa Mungu!"

"Na huu mstari hapa je?"

"Hapo mmepita juu ya paa la ghala."

"Ndiyo maana mlinzi alikuwa anatufokea," akasema Usukani, na mteja aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye meza ya Rada akacheka mpaka akaambiwa alegeze mgongo.

Halafu shemeji akaanza kueleza inayokuja. Wanasema inashika setilaiti kwa masafa mawili kwa mpigo. Chini ya miti haiyumbi, pembeni ya majengo haiyumbi. Tena unaweza kuifundisha njia. Ukishaifundisha, inakushika: ukitoka nje ya mstari wako inatetemeka mkononi na kukwambia masikioni, kulia, kushoto, hapohapo nyooka.

"Inakosea kwa kiasi gani?" Rada akauliza.

"Hatua moja. Wengine wanasema hata nusu."

Usukani alikuwa anakunja taulo. Alimwona mumewe amesimamisha vidole gumba juu ya misuli ya yule mteja. Rada hakuwa mtu wa kusimamisha mikono katikati ya kazi. Mteja naye akainua kichwa kidogo kuona kumetokea nini.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya kusubiri. Mara saa inatoka mwezi huu, mara imesogezwa mbele, mara kuna toleo lenye kioo kigumu zaidi lakini betri yake haina maisha. Kila iliposogezwa mbele Usukani alisikia raha fulani ndani, kisha akajionea haya. Usiku mumewe akilala, masikio yakiwa wazi kama kawaida yake, yeye alijiuliza ni nini hasa anachokiogopa.

"Unajua lini mara ya mwisho nilitoka nje ya geti letu peke yangu?" Rada alimwuliza jioni moja. "Hata mimi sijui. Nimechoka, mke wangu. Nakimbia kama mbuzi anayepelekwa mnadani."

"Kumbe mimi ni dalali."

"Wewe ni kamba nzuri kuliko kamba zote duniani. Lakini kamba ni kamba."

Alicheka, na Usukani naye akacheka. Kisha akajikuta anakunja upya taulo aliyokuwa ameshaikunja.

Saa ikaja. Ilikuwa nyepesi, nyeusi, bila urembo wowote. Shemeji aliileta mwenyewe, ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai, na mara pakazuka mabishano ya nani aivae kwanza. Rada alinyoosha mkono.

"Hapana, kaka, wewe bado," shemeji akasema. "Hii ni kama mwanafunzi. Inafundishwa njia na mtu anayeijua njia. Ukiivaa wewe utaifundisha kuyumba. Mwenye macho ndiye aifundishe, wewe utavuna."

Hoja ilionekana haina kasoro. Hata Rada aliyekuwa na haraka aliikubali. Kwa kuwa mkono wa kulia wa Usukani ulikuwa na kamba, saa ikafungwa mkono wake wa kushoto. Wakakimbia hivyo asubuhi baada ya asubuhi, na kila mara saa ilichukua mbio za leo ikazilinganisha na za jana, ikasawazisha, ikapiga pasi, mpaka mstari wake kwenye ramani ukawa mwembamba na laini kama uzi wa cherehani. Shemeji aliuangalia akapiga makofi kwa furaha. Kwenye picha ya ramani ukingo wa shimo ulikuwa ukungu tu wa kijivu, hujui ardhi inaishia wapi na hewa inaanzia wapi, lakini nani aliutazama ukingo? Walikuwa wanautazama mstari.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," Usukani akasema, nusu utani.

"Shemeji, kipya kinyemi," yule akamjibu.

"Ingawa kidonda. Malizia methali yako."

Wakapatana kwamba Jumamosi Rada atajaribu, na Usukani atakimbia nyuma yake. Si kando, nyuma. Rada alilikubali sharti hilo haraka mno.

*

Alhamisi mchana Usukani alikuwa kwenye mashine ya kukatia, na rundo la kalenda mbele yake, simu yake ilipolia. Shemeji alikuwa ameiunganisha na saa ili impe taarifa. Iliandika: Rada ameanza mazoezi.

Kwanza alidhani ni makosa. Akafungua ramani. Nukta ya buluu ilikuwa imeingia kwenye njia ya machimbo kupitia geti la upande wa nyumbani, inakwenda. Peke yake.

Mwenye kiwanda, mzee mmoja mcheshi waliyemwita Bwana Wino kwa sababu ya kucha zake, akachungulia juu ya bega lake. "Huyo ndiye mzee wa nyumbani? Anajiendesha?"

"Alisema Jumamosi," Usukani akasema.

"Mwanamume akisema Jumamosi ujue ni Alhamisi. Lakini hebu tazama anavyonyooka! Hatoki nje ya mstari hata kidogo. Mlete hapa nimpe mashine, wewe ukapumzike."

Ni kweli. Nukta ililala juu ya mstari kama shanga kwenye uzi. Usukani hakusikia hofu, alisikia fahari. Akamwona Rada kichwani, kifua wazi, mikono yote miwili huru. Akaiegemeza simu pembeni ili aendelee kumwangalia, akarudi kwenye kalenda, akasogeza rundo mpaka alama ya kukatia ikakaa chini ya kisu, akaweka mkono kwenye mtambo.

Akasita. Kuna kitu hakikukaa sawa. Akainua karatasi ya juu, akaigeuza. Rundo lilikuwa limelazwa kinyume. Alama ilikuwa palepale ilipochapwa, imenyooka, haina kosa, lakini ilikuwa ya upande mwingine wa karatasi. Kisu kingeifuata kwa uaminifu na kukata tarehe zote za pembeni, mwezi hadi mwezi.

Alikuwa bado ameishika ile karatasi alipotazama tena simu.

Ule mstari ni wa nani?

Jibu lilikuja likiwa kamili. Mstari ulikuwa wake. Saa ilifundishwa na mkono wake wa kushoto, mkono ulioning'inia upande wa shimo. Rada hajawahi kukimbia pale hata siku moja. Yeye alikimbia katikati ya njia, na miguu yake ilijua katikati tu. Leo kila ikirudi katikati kwa mazoea yake, saa inamwambia amepotea, sogea kushoto. Naye anasogea, kwa utii, mpaka kwenye ile ngozi nyembamba ya ardhi ambayo Usukani aliweza kuikanyaga kwa sababu alikuwa anaiona. Saa ya zamani ingeyumba. Ingekosea, labda kwa bahati ingekosea kuelekea uzioni. Hii haikosei.

Na mbele yake ilikuwapo kona, mahali shimo linapojitokeza na njia kupinda kulia. Kwenye kona, saa hungoja ukosee kwanza ndipo ikurekebishe. Kosa lake ni la hatua moja, labda nusu.

Alishika simu ampigie, kisha akaiacha. Mlio ungempasukia masikioni. Angeinua mkono kuugusa, angeyumba.

"Bwana Wino, pikipiki yako."

"Inaenda wapi?"

"Machimbo. Nipeleke. Rada anakimbia ukingoni."

Yule mzee alimtazama usoni, akauzima umeme wa mashine na hakutania tena.

*

Geti la upande wa kiwandani ndilo mwisho wa njia, kwa hiyo Rada alikuwa anakuja kuelekea kwake. Mlinzi wa ghala alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Leo mmenuniana, Usukani? Namwona mwenzio kule ng'ambo anakuja peke yake. Nikasema leo kamba imekatika."

Usukani alitazama juu ya shimo, akamwona.

Hakuwahi kujiona akikimbia. Miaka yote hiyo hakuwahi kusimama ng'ambo na kuona ni wapi hasa miguu yake ilikuwa inakanyaga. Sasa mumewe alikuwa anamwonyesha. Kutoka hapa njia ilionekana pana, rangi ya udongo mkavu, na nafasi tele upande wa uzio, na mtu mmoja mdogo aliyeiacha nafasi yote hiyo na kwenda kukimbia kwenye mdomo wa shimo. Chini ya viatu vyake vipande vya udongo vilikuwa vinameguka na kushuka, vinaacha michirizi ya vumbi kwenye ukuta wa jiwe, halafu maji yanafunguka na kujifunga. Rada hakugeuza kichwa. Yeye aliyesikia goti la mtu likilalamika, leo hakusikia. Masikio yake yalikuwa yamezibwa na visikizio, yanaisikiliza saa.

Alikuwa anakimbia vizuri. Hilo ndilo lililomuumiza Usukani kuliko yote. Mabega yameshuka, kidevu juu, hatua ndefu ambazo kamba haikuwahi kumruhusu.

Akaanza kukimbia. Alikimbia kulifuata shimo kwa upande wa uzio, bega likikwaruza waya, na akajizuia asimwite. Maana jambo moja alilijua kuhusu Rada: akiisikia sauti yake huifuata. Hafikiri, huifuata tu. Sauti ikimfikia ikiwa imezunguka juu ya maji, ikamrudia kutoka ukuta wa pili, ataifuata kule. Lazima afike karibu. Lazima sauti itoke uzioni na isitoke kwingine popote.

Kona ilikuwa kati yao. Rada aliifikia kwanza.

Hatua yake moja iliendelea kunyooka wakati njia imekwisha kupinda kulia. Usukani akaona kiatu cha kushoto kinatua nusu kwenye udongo, nusu hewani, na udongo ukakunjama kama mkate mbichi. Mwili wa Rada ukashtuka na kurudi wenyewe katikati, kwenye makao yake ya miaka yote. Akapunguza mwendo. Na palepale Usukani akamwona anaguswa mkononi na ule mtetemo, akamwona anatikisa kichwa kukubali kosa, kama mwanafunzi mwema, na kuanza kusogea tena kushoto.

"Ndani!" Usukani akaita. Mgongo wake wote ulikuwa umegandamana na waya. "Rada! Ndani! Ndani!"

Rada akasikia, hata kwa visikizio. Ilionekana kwenye shingo yake. Sauti moja ilimwita kulia na nyingine ilimwita kushoto, na zote mbili alizoea kuziamini. Uso wake uligeuka huku, ukageuka kule. Kwa muda ule Usukani hakuwa na uhakika mumewe atachagua ipi, na alijua kwamba hata baadaye, hata katika uzee wao, hatausahau muda ule.

Rada hakuchagua. Alisimama.

"Mke wangu? Si tulisema Jumamosi?" akasema huku akihema, akijaribu kutabasamu. "Umekuja kunikamata?"

"Usisogeze mguu."

"Lakini niko sawa. Imeniambia niko sawa njia nzima. Kwenye kona tu hapo..."

"Usisogeze mguu, baba. Nakuja."

Alimfikia, akamkamata fulana kwa mikono miwili, mgongoni, kama anayeshika gunia lisianguke. Fulana ilikuwa imelowa jasho. Rada akaacha kutabasamu, kwa sababu alihisi nguvu ya ile mikono.

"Nilikuwa mbali kiasi gani?" akauliza.

Usukani aliivuta fulana kwake. Basi Rada akavitoa visikizio masikioni, akasikiliza kidogo, kisha, mkewe akiwa bado amemng'ang'ania, akatanguliza mguu wa kushoto polepole kutafuta ardhi. Mguu ukashuka. Ukaendelea kushuka. Akaurudisha, akausimamisha kando ya mwenzake.

"Kwa hiyo ilinidanganya," Rada akasema mwishowe.

"Haikukudanganya. Ilikuwekea njia yangu. Mimi ndiye ninayepita hapa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Rada akageuka kumwelekea. Kisha akampapasa mkewe mkono kuanzia kiganjani hadi begani, kama anavyompapasa mteja mgeni akitaka kujua ameumia wapi.

Wakaanza kwenda getini, wakitembea. Kamba hawakuwa nayo. Usukani alimshika kiwiko, akajiweka kushoto bila kufikiri, na kumsogeza katikati ya njia. Hawajafika mbali, saa ikatetemeka. Visikizio vilikuwa vimeshatolewa, kwa hiyo sasa ilisema kwa sauti yake yenyewe, sauti ya kike, ya upole, isiyo na haraka.

"Umetoka kwenye njia. Sogea kushoto."

"Izime," Usukani akasema.

"Ngoja. Nataka kuisikia inavyosema, nikijua."

"Umetoka kwenye njia," saa ikarudia. "Sogea kushoto."

Usukani akahisi bega la mumewe linamlalia, kuelekea shimo. Kidogo tu, uzito wa mtu aliyechoka. Akakaza miguu, akamsukuma arudi katikati. Hatua chache mbele sauti ikaja tena, na bega nalo likaja, zito zaidi kidogo.

"Rada. Unanisukuma."

"Mimi?" Alionekana kushangaa kweli. "Mbona sijasogea hata kidogo."

Geti lilikuwa bado mbali, na Bwana Wino aliyesimama pale na pikipiki yake alikuwa mdogo kama kidole. Usukani akamshika mumewe kwa mikono yote miwili. Saa ikatetemeka tena.